Maji ya Mji wa Binti

Vijana wa mkokoteni, mmeniomba niwaandikie habari za kazi yetu ya kuuza maji, kwa kuwa nimeiacha mwaka huu, nayo magoti yangu yalikuwa yameshaiacha zamani. Nimekubali. Nilichochuma sitakiandika, maana nilichochuma nilikila. Nitaandika nilivyoanza, nani aliyenifunza, na kile kisa cha mzee wa Kachi ambacho mnakisikia vibarazani kutoka kwa watu ambao hata hawakuwapo.

Nilianza nikiwa kijana, baada ya vita vya Mjerumani, hapa hapa Bagamoyo. Siku hizo mzegazega wa maji hakuwa na mkokoteni wala tairi. Alikuwa na mti begani, madebe mawili ya mafuta ya taa yaliyotiwa kamba, na majani mabichi ya kuelea juu ya maji yasiruke njiani. Kilichobaki ni bega, na bega la mwanzo halifai kitu. Langu lilivimba hata nikawa nalala upande mmoja. Mama alinikanda kwa maji ya chumvi huku akiniuliza kama sioni haya kuwajazia watu mitungi na wetu mkavu.

Aliyenifunza ni Mzee Pazi, mtu mfupi, mkavu, mwenye tabia ya kucheka peke yake njiani. Alikuwa akiuza maji Uhindini, mtaa wa maduka, na wateja wake wote walikuwa Wahindi. Nami nilidhani Mhindi ni Mhindi. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba kwa Mabohora unaingia na maji mpaka uani, unapewa na chai. Kwa Makhoja mama mwenye nyumba anachungulia kila debe utadhani umemletea samaki. Na kwa Mabaniani unasimama nyuma ya nyumba, unamimina kwa mbali ndani ya mtungi wa shaba uliofunikwa kitambaa cheupe cha kuchujia, na mtungi wenyewe huugusi hata kwa ukucha.

Hilo la ukucha nililisahau siku yangu ya kwanza. Nilikuwa kwa Baniani mmoja mwuza viungo. Nikaona kitambaa kinateleza, nikakishika nikiweke sawa, na kidole kikagusa shaba. Mama mwenye nyumba akapiga yowe. Maji yote yakamwagwa, mtungi ukasuguliwa kwa ukwaju na majivu mbele ya macho yangu, kisha ukasuguliwa tena kama kwamba mara ya kwanza ilikuwa mazoezi. Nikarudi kwa Mzee Pazi nimenuna, nikamwambia sirudi kwa watu wanaoniona najisi.

“Mbwa akitia ulimi katika mtungi wenu,” akaniuliza, “mama yako hufanyaje?”

“Huuosha mara saba, mojawapo kwa udongo.”

“Na mbwa naye hununa?”

“Kumbe mimi ni mbwa, Mzee?”

“Wewe ni mzegazega. Kila nyumba ina sheria yake ya maji, na kazi yako ni maji. Rudi, ukamimine, mtungi usiuguse.”

Nikarudi. Nilikaa Uhindini miaka mingi kuliko nilivyokaa kwetu. Kikachi, lugha ya wengi wa wateja wangu, nilikipata huko huko nyuma ya nyumba, kwa hiyo nilijua majina ya vyombo vyote na matusi yote, lakini mtu akinisalimu kwa adabu nilikuwa sina la kujibu. Baadaye lugha ilitengemaa, ikawa ninaweza hata kubishana.

Sasa kisa chenyewe. Miongoni mwa wateja wangu alikuwapo Bwana Damodari, Baniani wa Kachi, huko Bara Hindi, mwuza nguo na mnunuzi wa ufuta. Mkewe aliitwa Kasturi. Aliletwa kutoka kwao akiwa bibi harusi, naye akajifunza Kiswahili kuliko mumewe, maana mumewe alijifunza kwa wateja na yeye alijifunza kwa wanawake juu ya ukuta wa uani. Jirani yake upande wa pili wa ukuta alikuwa Bi. Mwanahawa, mtu wa hapa, mwenye sauti ya kufika pwani bila kutoka nje. Walipendana sana wawili hao. Walikuwa wakigombana kila siku na kupelekeana sahani kila siku.

Jambo moja lilikuwa zito. Kasturi hakujaliwa mtoto. Mnajua kwetu mwanamke akishazaa jina lake tunaliweka pembeni, anakuwa mama fulani. Yeye miaka ilipita na watu wakawa bado wanamwita Bibi Kasturi, kwa heshima kabisa, na heshima hiyo ilikuwa ikimwuma. Nilimwona mara nyingi anavyoinamisha uso akiitwa. Nilimwonea huruma, lakini mwenye madebe mabegani hana pa kuitulia huruma yake.

Ikaja habari kwamba baba yake anakuja kumtazama. Alikuwa hajamwona tangu harusi, na alikusudia kukaa mwaka mzima. Kasturi alinichotesha maji ya kuosha nyumba mpaka kisima kikaanza kutoa tope. Mzee mwenyewe aliteremka kwenye lori la Dar es Salaam saa za jua kali la kaskazi, mrefu, mwembamba, kilemba cheupe, masharubu yamejaa vumbi jekundu. Mtaa mzima ulikuwa umetoka kumpokea. Kasturi akaja kwa heshima, kichwa kimefunikwa, ameshika kwa mikono miwili lota, kile kikopo cha shaba cha Kihindi, kimejaa maji baridi.

Mzee aliyatazama maji yale. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu. Akakutanisha viganja mbele ya kifua, akatikisa kichwa, akamwombea binti yake dua, na maji asiyaguse. Kasturi akarudi ndani na lota yake. Mimi nilikuwa nimesimama pale na madebe yangu, na namjua mtu anavyobeba maji akiwa mzima na anavyoyabeba akiwa si mzima.

Mnajua nasi kwetu kukataa maji ya mwenyeji ni neno kubwa. Jioni Bi. Mwanahawa alikuwa ukutani.

“Shikamoo, bibi,” Kasturi akamwamkia.

“Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, huyo ni babako wa kukuzaa? Maana anaogopa maji yako utadhani umeyatilia dawa!”

“Si hivyo, bibi. Kwetu baba akishamwoza binti, kamtoa sadaka. Hawezi tena kula kwake wala kunywa kwake. Itakuwa kama kuirudia sadaka aliyokwisha kuitoa.”

“Hata maji?”

“Hata maji. Na ukoo wetu ni wakali. Baba hanywi hata maji ya mji alikoolewa bintiye.”

“Mji mzima! Ala! Mpaka lini?”

Kasturi alitazama chini. “Mpaka binti azae,” akasema.

Bi. Mwanahawa, ambaye tangu nimfahamu hajapungukiwa na neno, aliuliza vitunguu siku hizi vinauzwaje.

Mzee alikuwa amekuja na chupa yake ya maji kutoka njiani, nayo haikufika kesho yake mchana. Bwana Damodari akaniita dukani. Alikuwa ametoka jasho hata kofia imelowa.

“Shomari,” akasema, “wewe fundi ya maji. Sema mimi: Bagamoyo naisha wapi?”

Nilikuwa nimeishi Bagamoyo maisha yangu yote na swali hilo sikupata kuulizwa. Nikalipeleka kwa muuza kahawa, likazua ugomvi. Mwalimu wa chuo cha Kurani akasema mji unaishia pale msafiri anapoanza kufupisha sala. Karani wa boma akasema unaishia serikali inaposema, na serikali haijasema. Dobi akasema unaishia mahali ambapo mbwa wa mjini anachoka kukubwekea. Mimi nikarudi kwa mzee mwenyewe nikamwuliza yeye kwa Kikachi, maana kiu ilikuwa yake.

Akafikiri sana. “Mji wa binti yangu,” akasema, “unaishia pale linapoishia jina la mume wake.”

Alipotamka hivyo nilifurahi, nikaona kazi ni nyepesi. Kumbe sikuwa nikimjua Bwana Damodari.

Kuhusu mkono wangu mimi, mtu wa dini nyingine, mzee hakujali tena. Alinieleza kwamba sheria hizo zilimshinda melini, alipokunywa maji ya bomba baharini siku nyingi, na kwamba akirudi kwao atatakaswa kwa yote pamoja. Nikiongeza najisi yangu haidhuru. Lakini maji ya binti, akasema, hakuna wa kumtakasa nayo.

Kesho yake alfajiri nikamweka juu ya punda, tukaenda Kaole. Njiani alinieleza Kachi. Akaniambia kwao mvua ni mgeni asiyeahidi, inaweza kupita mwaka na wa pili isipige hodi. Kisima cha kijiji chao kina ngazi za mawe. Unashuka kuyafuata maji, na mwaka wa ukame unazidi kushuka. Ndiyo maana watu wa Kachi wamejaa katika pwani za watu, akasema, si kwa kupenda bahari. Alikuwa akitazama visima vyetu vya njiani, ambavyo mtu anainama tu, anachota, na uso ukamkunjamana. “Mungu amewaleteeni maji mpaka mkononi,” akaniambia, “nanyi mmeyaachia yakaingia chumvi.” Nikamwambia chumvi tuliikuta. Hakuniamini.

Kaole tukapata kisima kizuri, maji baridi. Mzee akachota mwenyewe. Mabaniani hawaweki chombo mdomoni, hukiinua juu na kujimiminia kooni, na mzee wangu alikuwa bingwa. Alikuwa ameinua lota, maji yanashuka sawasawa, macho yamefumba kwa raha, ndipo akatokea msimamizi wa shamba mbio mbio, kanzu kaishika mkononi.

“Karibu, karibu, baba mkwe! Jisikie uko nyumbani! Bwana Damodari kanunua shamba hili lote, na kisima ndani yake!”

Nikamfasiria. Mzee alishituka, na maji yaliyokuwa njiani yakaingia puani. Alipiga chafya mpaka punda akakimbia. Alipotulia akaniuliza kwa sauti ndogo kama madafu nayo yanahesabiwa kuwa maji. Nikatazama minazi. Ilikuwa ya Bwana Damodari mpaka upeo wa macho.

Tukajaribu bara. Tulishika njia ya Fukayosi, tukatembea mpaka tukafika kwenye vibanda vya Wakwere ambako nilikuwa na hakika hawamjui Mhindi yeyote kwa jina. Tukamkuta bibi mmoja mzee anapepeta mtama. Nikamwamkia, akaitikia, akatuletea maji kwenye kata. Mzee wa Kachi akanishika mkono. “Mwulize kwanza,” akasema.

“Bibi,” nikamwuliza, “unamfahamu mtu anayeitwa Damodari?”

“Damodari wa ufuta? Si huyu hapa nimemvaa!” Akaipiga kaniki yake kwa kiganja. “Mwambie ile ya mwaka jana ilichuja rangi.”

Mzee alipofasiriwa alikaa chini kwenye vumbi, akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, nami nikafikiri yasije yakawa machozi ndiyo maji ya mwisho aliyonayo. Kwa bahati kulikuwa na kibuyu cha maji aliyokuja nayo mpita njia mmoja kutoka mbali zaidi, akakubali kumgawia.

Baada ya hapo dereva wa lori akaleta debe zima kutoka Fukayosi kwenyewe. Mzee akaliangalia kwa tamaa, kisha akaangalia ubavuni mwa lori. Lori lilikuwa la Damodari. Debe likaenda kumwagilia mchicha wa Bi. Mwanahawa. Sijapata kumwona mtu aliyeaibishwa na kufanikiwa kwake kama Bwana Damodari siku zile. Alikuwa amekaa dukani, kichwa mikononi, anahesabu kwa masikitiko mahali pote anapojulikana.

Watu waliniambia, “Shomari, chota hapa hapa, mwambie yametoka ng'ambo ya mto.” Hao ni watu wasiojua maji. Mzee yule alikuwa akionja kama mwonja asali, na ya Bagamoyo angeyatambua kwa harufu. Na zaidi ya hapo, sikutaka.

Mwisho tukapata Mkange, kijiji cha mbali ng'ambo ya mto. Watu wa huko walikuwa wakija mjini kwa miguu, na hakuna aliyewahi kusikia habari za Damodari wala kutaka kuzisikia. Nikapatana nao waniletee maji kwa vibuyu kila wapitapo. Yalikuwa na harufu ya moshi na ladha ya chura. Mzee akayanywa akasema Alhamdulillahi, neno alilojifunza kwangu, na kila mtu akafurahi isipokuwa Kasturi. Maji hayo hayakutosha mtu kuoga wala kukaa mwaka. Yalimtosha kutokufa tu. Akatangaza kwamba ataondoka kwa meli ijayo, na Kasturi hakutoka chumbani siku hiyo.

Mimi nikashikwa na hasira. Nilimfuata mzee barazani nikamwambia maneno ambayo mzegazega hamwambii mkwe wa tajiri.

“Mzee, mwanao anaumia. Kunywa tu maji yake. Kijiji chako kiko ng'ambo ya bahari, nani atakayekusema?”

Hakukasirika. Akasema: “Kasturi alikuwa akishuka zile ngazi na mitungi miwili ya shaba kichwani. Nilimwoza mbali kwa sababu niliambiwa huku maji hayana ngazi. Unadhani sitaki kuyaonja?”

“Basi onja.”

“Sheria inasema mpaka azae. Nikinywa leo, nitakuwa nimemwambia kwamba nimekata tamaa naye. Wengine wote wamekwisha kata. Mimi nangoja.”

Nikaenda nyuma ya nyumba, nikamimina maji yangu, na Kasturi alipokuja kuufunika mtungi nikamweleza neno kwa neno. Macho yalikuwa yamemvimba. Alinisikiliza, akanirudisha nianze tena, akasikiliza mara ya pili. Alidhani siku zote hizo baba yake alikuwa akimwadhibu kwa kutozaa. Akakaa kwenye ngazi ya mlango, akalia kilio kingine kabisa, kisha akapangusa uso na kuniuliza kama kuna maji ya Mkange yaliyobaki.

Siku ya kuondoka masika yalikuwa yameanza na barabara imekatika, kwa hiyo mzee ilimbidi aende Dar es Salaam kwa mashua. Pwani yetu mnaijua, maji mafupi, mashua inasimama mbali na abiria anabebwa. Nikampakia mzee mabegani. Mtaa mzima ulikuwa ufukweni, Bi. Mwanahawa analia kwa sauti kwa niaba ya wote, Bwana Damodari amesimama na viatu mkononi. Nilikuwa nimefika maji ya kiunoni niliposikia Bwana Damodari anapiga kelele nyuma yangu.

“Kasturi! Kasturi! Watu natazama!”

Alikuwa anakuja, na nguo zake zote, sari imeelea nyuma yake, lota ameinua juu ya kichwa isiingie bahari. Wimbi lilimpiga, akayumba, hakurudi nyuma. Akasimama mbele yangu anahema.

“Baba,” akasema kwa lugha yao, “hapa tuliposimama ni pa mume wangu?”

Mzee akageuka huku na huku juu ya shingo yangu, karibu anivunje. Bahari tupu pande zote. “Si pake,” akasema.

“Mashua ile ni yake?”

Nikajibu mimi, maana nilikwisha uliza: ya mtu wa Pangani.

“Maji haya ni ya Mkange. Lota hii ulinipa mwenyewe nilipoondoka nyumbani.”

Nilihisi magoti yake yakinibana masikio. “Na mkono?” akauliza.

“Mkono huu nilitoka nao kwako.”

Hapo akalaza kichwa nyuma, akafungua kinywa. Kasturi hakuwa mrefu, ikambidi asimame kwa ncha za vidole ndani ya mchanga na kummiminia kwa juu, na mawimbi yanamsukuma, kwa hiyo nusu ilimwingia mzee na nusu ikaniingia mimi machoni, masikioni, shingoni. Sikusogea. Sikupangusa uso. Kutoka ufukweni nilimsikia Bi. Mwanahawa amenyamaza, jambo ambalo lilinitisha kuliko mawimbi.

Lota ikaisha. Mzee akapangusa masharubu, akakinga viganja vyake pamoja, akavishusha mpaka usoni kwa binti yake.

“Ongeza,” akasema.

“Yamekwisha, Baba,” Kasturi akamjibu, anacheka na kulia kwa pamoja. “Hakuna tena.”

“Basi zaa upesi, mwanangu,” akasema mzee. “Mimi nina kiu.”